Kiasi si Kimya: Neno la Ahmed bin Ibrahim wa Kafuro

Lugha ya Kiswahili haina uhaba wa maneno ya kumsifu mtu asiyevuka mpaka. Huitwa mtu wa kiasi, mtu mpole, mtu wa insafu, na kwa siku hizi mtu wa wastani. Katika mambo ya dini maneno haya yamepata soko kubwa. Serikali huwaomba wanavyuoni wa Kiislamu wawafundishe watu kiasi. Majirani wasio Waislamu huomba vivyo hivyo. Na Waislamu wenyewe, waliochoka na ugomvi wa misikitini, huomba jambo lilo hilo. Ombi ni jema, wala hapana haja ya kulitilia shaka. Walakini neno lipitalo katika mikono mingi huchakaa kama sarafu, hata sura yake isionekane. Nachelea kwamba neno kiasi limepatwa na jambo hili. Aghalabu sasa shehe wa kiasi hudhaniwa kuwa ni yule asiyemkera mtu yeyote, ambaye huitwa kufunga mkutano kwa dua, kisha huketi. Nia ya makala haya ni kuipinga fasiri hiyo, na kuonyesha kwamba katika historia ya Karagwe imo habari moja inayotupa fasiri iliyo bora.

Yafaa kwanza tulitazame neno la asili. Katika Sura ya pili ya Kurani, aya ya 143, umma wa Waislamu umesifiwa kwa neno la Kiarabu wasat. Wafasiri wa Kiarabu wamelieleza neno hili kwa maana mbili: kitu kilicho katikati, na kitu kilicho bora au chenye uadilifu. Mfasiri wa Kiswahili hana neno moja lichukualo maana zote mbili kwa uzito ulio sawa. Hulazimika kushika moja na kuiacha nyingine nyuma, au kuifuatisha kwa maelezo. Tena aya yenyewe haikomei hapo. Hutaja mara moja kwamba watu hao wamewekwa hivyo ili wawe mashahidi. Jambo hili ni kubwa kwa hoja yetu. Shahidi husimama mahali ambapo pande zote mbili zaonekana. Kwa sababu hiyo hana budi kuwa katikati. Lakini shahidi huitwa ili aseme. Akisimama katikati akanyamaza, amepata nafasi ya ushahidi na kuitupa kazi yake. Basi tangu mwanzo kiasi na kimya si ndugu.

Sasa tuigeukie nchi yetu. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, katika Mkoa wa Kagera, zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012. Kwa upande wa magharibi zimepakana na Rwanda, na Kyerwa imepakana na Uganda kwa kaskazini, Mto Kagera ukiwa mpaka. Wenyeji wake ni Wanyambo. Wakristo ni wengi: Kanisa la Kilutheri lina Dayosisi ya Karagwe tangu 1979, na Kanisa Katoliki lilipata Jimbo la Kayanga mwaka 2008. Waislamu ni wachache, lakini si wageni wa jana. Katika karne ya 19, kabla ya mmishenari yeyote kufika, njia ya biashara ilitoka Bagamoyo ikapita Kazeh, ambayo sasa ni Tabora, ikageuka kaskazini mpaka Karagwe, na kutoka huko ikaingia Buganda. Karibu na Bweranyange, mji wa wafalme wa Karagwe, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walijenga kituo chao. Kituo hicho kiliitwa Kafuro.

Miongoni mwa wakazi wa Kafuro alikuwako mtu aitwaye Ahmed bin Ibrahim. Henry Stanley alimkuta huko mwaka 1876, akaandika kuwa alikuwa tajiri wa ng'ombe, watumwa na pembe. Emin Pasha naye alikutana naye katika miaka hiyo ya 1870, akaziandika habari alizosimuliwa na mzee huyo juu ya safari zake za ujanani. Mwaka 1947 John Gray alizikusanya habari hizi katika jarida la Uganda Journal, akamwita Mwarabu wa kwanza kufika Buganda. Mwaka unaotajwa wa kufika kwake ni 1844, katika utawala wa Kabaka Suna.

Habari yenyewe ni fupi. Ahmed alikuwa barazani mwa Suna siku ambayo mfalme alitoa amri watu wengi wauawe, kama ilivyokuwa desturi ya baraza hilo. Wakubwa wote walikaa kimya. Yule mgeni akasimama, akamwambia Kabaka kwamba watu wale anaowaua ni viumbe wa Mungu, na kwamba Mungu huyo ndiye aliyempa yeye ufalme. Kwa hiyo kuwaua bila haki ni dhambi. Suna, kwa masimulizi, alistaajabu kusikia kuwa yuko mkubwa kumpita yeye. Akamwuliza mgeni juu ya huyo Mungu, na katika siku zilizofuata akasomewa sehemu za Kurani. Suna hakusilimu, na upanga wake haukurudi alani siku ile. Alikufa mwaka 1856 akiwa katika dini ya wazee wake. Lakini mlango wa mazungumzo ulikuwa umefunguliwa, na Mutesa, mwanawe, aliupita.

Msomaji aweza kuuliza: huyu alikuwa mfanyabiashara, kwa nini tumhesabu katika habari ya wanavyuoni? Jibu ni kwamba katika bara ya zama zile elimu na biashara zilisafiri katika mzigo mmoja. Hapakuwa na kadhi wala madrasa iliyojengwa. Aliyejua kusoma Kurani ndiye aliyekuwa mwalimu, hata kama asubuhi alikuwa akipima ushanga. Basi tukitaka kujua mwanzo wa mafundisho ya Kiislamu katika nchi za magharibi ya Ziwa, hatuna budi kuanza na watu wa namna hii, pamoja na mema yao na mabaya yao.

Hebu tuyapime maneno yale kama tupimavyo kazi yoyote ya usemi. Jambo la kwanza ni mahali aliposimama msemaji. Alikuwa mgeni, mbali na kwao, bila jeshi, na mali yake yote ilikuwa katika mkono wa mfalme yule. Methali yetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone; mara nyingi twaifahamu kuwa mgeni huleta zawadi. Hapa mgeni alileta neno, na waliotazamiwa kupona hawakuwa wenyeji wake wenye vyeo, bali watu waliokuwa wamefungwa kamba.

Jambo la pili ni hoja yenyewe. Ahmed hakumwambia Suna kwamba ufalme wake ni batili kwa kuwa si Mwislamu. Alianza kwa kuukubali ufalme. Alisema umetolewa. Kisha katika neno hilo hilo la heshima akatia mpaka: kilichotolewa kina mtoaji, na mtoaji ana haki. Vilevile hakuwatetea waliohukumiwa kwa sababu ya dini yao. Hapakuwa na hata mmoja wao aliyeijua dini ya mgeni. Aliwatetea kwa kuwa ni viumbe. Hoja hii ina upana unaomwezesha mfalme asiyeamini kuisikiliza bila kwanza kuhama dini, na ina ukali usiomwachia nafasi ya kujificha. Hiki ndicho kiasi kwa maana yake kamili: sauti imepunguzwa, na haki haikupunguzwa.

Jambo la tatu ni kile ambacho hakikuombwa. Msemaji hakudai Suna asilimu. Mafundisho yalikuja baadaye, kwa kuulizwa. Kanuni ya Kurani ya kutomlazimisha mtu katika dini ilitimizwa hapa, ingawa mtu aweza kusema kuwa mgeni hakuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu. Basi tutazame Karagwe yenyewe. Rumanyika, aliyetawala tangu miaka ya 1850, aliishi na watu wa Kafuro kwa miaka mingi. John Hanning Speke na James Grant walipofika kwake mwaka 1861 walimkuta mfalme mwenye hamu ya kuuliza juu ya mambo ya dunia na ya dini, na rafiki wa wafanyabiashara. Lakini hakuwa Mwislamu, wala urafiki haukuvunjika kwa ajili hiyo. Jirani alibaki katika desturi zake, na sala zikasaliwa Kafuro. Mwaka 2019 hifadhi ya taifa ya Rumanyika-Karagwe ilipewa jina lake. Wapitao humo wangefaa kuikumbuka na hali hii ya ujirani.

Hata hivyo mhakiki hana ruhusa ya kuipokea habari tamu bila kuuliza imepita mikononi mwa nani. Habari ya Ahmed ilisimuliwa na Ahmed mwenyewe baada ya miaka thelathini na zaidi, naye mtu akiwa mzee husimulia ujana wake kwa mkono mkarimu. Yawezekana barazani alisema machache kuliko yaliyoandikwa. Lakini liko jambo linaloitia habari nguvu. Waganda nao wameihifadhi, na jina la mgeni wakaligeuza kwa matamshi yao likawa Medi Abulaimu. Miongoni mwa waliolitia katika vitabu walikuwamo Wakristo, watu wa kizazi kilichoona vita vya dini vya Buganda vya 1888 na miaka iliyofuata, ambamo Waislamu na Wakristo walipigana kwa ajili ya kiti cha Kabaka. Watu hao hawakuwa na sababu ya kumpamba Mwislamu. Waliposimulia kwamba neno la kwanza la kumwonya mfalme lilitoka kinywani mwa mtu huyo, twaweza kuamini kuwa lilisikika.

Taksiri kubwa ya habari hii imo kwingine, nayo haifai kufichwa. Mtu aliyemwambia Suna kwamba watu ni viumbe wa Mungu alikuwa na watumwa nyumbani kwake Kafuro. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mpaka alioweza kuuona katika upanga wa mfalme hakuuona katika mnyororo wa msafara. Baadhi ya waandishi, kwa kumpenda Ahmed, huliacha jambo hili. Wengine, kwa kumchukia, hulitaja hili tu na kuliacha lile la barazani. Wote wamekosa insafu. Hoja aliyoitoa ilikuwa kubwa kuliko yeye aliyeitoa, na ukubwa wake ndio unaomhukumu. Aliyetangaza kuwa kiumbe ana haki kwa sababu ya Muumba wake ametangaza sheria ambayo siku moja itabisha hodi mlangoni pake pia.

Ili tusidhani kuwa elimu peke yake yatosha, tumweke karibu naye Snay bin Amir. Huyu alikuwa Mwarabu wa Kazeh, aliyepita Karagwe akafika Buganda mwaka 1852. Richard Burton, aliyekaa karibu naye mwaka 1857 na 1858, alimsifu kuwa mtu aliyesoma sana na mwenye kumbukumbu ya ajabu, akapata kwake habari nyingi za Karagwe na nchi za kaskazini. Tukipima kwa vitabu, Snay alikuwa mwanachuoni kuliko wenzake. Lakini Waarabu wa Unyanyembe walipogombana na mtemi Mnywa Sele juu ya kodi na njia za biashara, Snay alitoka na watu wenye bunduki, na mwaka 1861 aliuawa katika vita hivyo. Kusoma hakukumpa kiasi siku faida yake ilipoguswa. Ni funzo kwa kila anayedhani kuwa kuongeza idadi ya waliosoma ni sawa na kuongeza idadi ya wenye insafu.

Upo mfano wa tatu, wenye huzuni zaidi. Kabaka Mutesa alikuwa amefunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, akajenga misikiti, akajifunza Kiarabu na Kiswahili. Katika miaka ya 1870 wakaja Waislamu wengine kutoka upande wa Misri na Sudan. Wageni hawa waliona kasoro: msikiti wa Kabaka haukuelekea kibla sawasawa, na Kabaka mwenyewe, ambaye hakuwa ametahiriwa, aliongoza sala. Vijana wa Kiganda waliokuwa wamesilimu waliyasikia hayo, wakakataa kusali nyuma yake na kula nyama iliyochinjwa na watu wake. Mwaka 1876 Mutesa aliamuru wauawe, na makumi yao wakateketezwa.

Aliyeua ni Mutesa, na hukumu ya damu ile ni juu yake. Vijana wale walikufa kwa ajili ya dhamiri zao, na Waislamu wa Uganda huwaheshimu kwa haki. Lakini swali kwa mwanachuoni lapasa kuulizwa. Waliosema juu ya kibla hawakukosea katika fikihi. Walikosea katika kupima. Neno lao lilimgusa mfalme, lakini gharama yake ililipwa na watoto. Wao wenyewe walikuwa na njia ya kurudi kwao. Linganisha na Ahmed: yeye alitoa neno lililohatarisha shingo yake ili kuokoa shingo za wengine. Neno la mgeni wa pili lilikuwa kweli vilevile, lakini hatari yake ilikuwa juu ya wenyeji. Basi kipimo cha kwanza cha kiasi si ukali au upole wa neno. Ni kuuliza nani atalilipia.

Mtu aweza kusema kuwa hizi ni habari za kale. Lakini ng'ambo ya Mto Kagera, katika maisha ya watu wengi walio hai, fasiri mbili za kiasi zilipimwa tena. Uislamu ulifika Rwanda kwa njia ile ile ya misafara na lugha ya Kiswahili, na mtaa wa Nyamirambo katika mji wa Kigali hujulikana kwa hayo mpaka leo. Mwaka 1994, Watutsi walipokuwa wakiuawa kwa mamia ya maelfu, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji, sehemu kubwa ya Waislamu wa Rwanda ilikataa kushika panga. Wengi waliwaficha waliokuwa wakiwindwa, majumbani na misikitini. Walikuwako waliokengeuka, wala si haki kuipaka chokaa historia. Lakini jambo la jumla limethibitishwa na watafiti na na mashahidi, nalo lilitokana na mafundisho: kabla ya mauaji, viongozi wao walikuwa wamekataza waumini kugawanyika kwa ukabila. Katika mwaka huo huo wakimbizi waliuvuka mto kuingia Ngara na Karagwe, na watu wa Karagwe waliona kwa macho yao matokeo ya mafundisho mengine.

Angalia basi kiasi cha Waislamu wale kilikuwa cha namna gani. Kama kiasi kingekuwa ni kutomkera mtu, wangeliwapa wauaji walichokitaka, au wangelifunga madirisha. Walifanya kile ambacho mkubwa wa siku ile alikiita uasi. Hoja iliyokuwa nyuma ya kitendo chao ni ile ile ya barazani mwa Suna: aliyefungwa kamba ni kiumbe, na haki yake haimngoji kuwa mmoja wetu. Safari hii hapakuwa na watumwa nyumbani mwa msemaji, na hivyo neno likawa limekamilika zaidi.

Nini kifuatacho kwa wanavyuoni wa Karagwe na Kyerwa? Hali yao ni nzuri kwa namna moja: wao ni wachache, na mchache hujifunza mapema kwamba jirani ni wa lazima. Watu hukutana sokoni, katika vyama vya kahawa, mazikoni na arusini. Ukoo mmoja una Hassani na Yohana. Vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, ambaye alikuwa Mwislamu, vilipiganwa na Watanzania wa dini zote, na kwa hiyo havikuweza kuwa vita vya dini. Huu ni urithi. Lakini urithi wa amani una hatari yake. Mtu aliyezoea utulivu huanza kudhani kuwa utulivu ndio haki, na mwalimu mchache huanza kudhani kuwa usalama wake umo katika kutosema.

Kwa maoni yangu, mafundisho ya kiasi yangefaa kuanza na habari ya Kafuro, nayo isimuliwe nzima. Mwanafunzi wa madrasa na asikie kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuileta dini yake upande huu alimwonya mfalme kwa adabu na kwa ujasiri. Na asikie papo hapo kwamba mtu yule aliwamiliki watu, na aulizwe jinsi mambo hayo mawili yalivyoweza kukaa katika kifua kimoja. Na aambiwe juu ya Snay aliyesoma na hakunusurika na tamaa, na juu ya wageni wa Mutesa waliosema kweli kwa gharama ya wengine. Akiisha kuyapima hayo, hatahitaji hotuba ndefu juu ya ubaya wa kuvuka mpaka. Atakuwa na mizani. Atajua kuuliza maswali matatu kabla ya kusema: Je, neno hili ni kweli? Je, nani atalilipia? Je, nimelianza nyumbani kwangu?

Maswali haya hayakumwekewa kijana wa madrasa peke yake. Padri, mchungaji, mwalimu wa shule na mkuu wa wilaya waweza kuyachukua bila kubadili dini, kama Suna alivyoweza kulisikia neno la Ahmed bila kuacha miungu ya wazee wake. Hiyo ndiyo faida ya hoja iliyotegemezwa juu ya uumbaji. Lakini kwa wanavyuoni wa Kiislamu wa Karagwe na Kyerwa maswali haya ni mali ya nyumbani, kwa kuwa yamezaliwa katika njia waliyopita wazee wao. Watakapoombwa tena kufundisha kiasi, na waitikie ombi kwa furaha. Na anayeomba ajue kwamba ameomba shahidi, na kwamba shahidi, siku itakapofika, atasema.